Maisha ya Johann Wilhelm Ritter, Aliyeuthubutisha Mwanga Usioonekana

Fahamu, ewe msomaji, ya kwamba mwanga wa jua uangukao juu ya ardhi si wote uonekanao kwa jicho. Ndani yake mna sehemu ambayo jicho halikupewa nguvu ya kuipokea. Sehemu hiyo si bure: ndiyo iunguzayo ngozi ya mtu akaaye juani kutwa, nayo ina fungu kubwa katika kuzipausha nguo zianikwazo, na kwayo ngozi hutengeneza ile vitamini D ambayo mifupa haikazi vyema ila kwa kuipata. Wanadamu wameishi chini ya mwanga huo tangu kuumbwa kwao, wala hapana aliyepata kuthubutisha kuwapo kwake mpaka mwaka wa 1801. Aliyeuthubutisha ni kijana wa Kijerumani mwenye umri wa miaka 24, jina lake Johann Wilhelm Ritter.

Khabari za mtu huyu zapasa kusomwa kwa sababu mbili. Ya kwanza, alipata jambo kubwa ambalo ilimu ya leo yalitegemea. Ya pili, mtu huyu huyu, baada ya kuifikia haki, aliingia katika makosa yaliyomvunjia heshima mbele ya wenziwe. Na njia iliyomfikisha kwenye haki na njia iliyompoteza zilianza mahali pamoja. Ajuaye zilipoachana amepata faida kubwa.

Kuzaliwa kwake na kazi yake ya kwanza

Ritter alizaliwa tarehe 16 Desemba 1776 katika kijiji cha Samitz, karibu na mji wa Haynau, katika nchi ya Silesia. Zamani hizo nchi hiyo ilikuwa chini ya mfalme wa Prussia, na leo imo katika mipaka ya Polandi. Baba yake alikuwa kasisi wa Kiprotestanti, na nyumba yao haikuwa nyumba ya mali nyingi.

Alipofikilia umri wa miaka 14 alipelekwa mji wa Liegnitz, akawekwa kwa mwuza dawa ili ajifunze kazi. Kazi ya mwuza dawa zamani hizo haikuwa kuuza vitu vilivyotoka tayari katika viwanda. Alikuwa akisaga, akichuja, akichemsha, akipima kwa mizani na kuchanganya kwa mkono wake. Kazi hiyo humzoeza mtu kuitazama tabia ya kila kitu: kipi chayeyuka, kipi chabadilika rangi, na kipi chaharibika kikiachwa wazi. Kijana Ritter hakupata chuo kikuu katika miaka hiyo, lakini alipata macho ya kutazama na mikono ya kufanyia kazi, na yote mawili yalimfaa baadaye.

Kwenda kwake Jena

Katika mwaka wa 1796, alipokwisha kupata urithi mdogo, Ritter aliiacha kazi ya duka akaenda mji wa Jena, wenye chuo kikuu mashuhuri. Zamani hizo Jena na mji jirani wa Weimar ilikuwa makutano ya watu wa ilimu na washairi. Ritter akajuana na mshairi Goethe na mshairi Novalis, na Alexander von Humboldt, msafiri mkubwa na mtaalamu wa maumbile, akampa kitabu chake juu ya misuli na mishipa ya fahamu akitazame na kutoa maoni. Hayo yalikuwa makubwa kwa kijana aliyetoka juzi katika duka la dawa.

Jambo lililowashughulisha wataalamu miaka hiyo ni umeme. Galvani wa Italia alikuwa ametangaza katika mwaka wa 1791 ya kwamba mguu wa chura aliyekufa hurukaruka ukiguswa na madini ya namna mbili, akasema umeme umo katika mwili wa mnyama. Volta, naye wa Italia, akamkatalia, akasema umeme watoka katika madini yenyewe. Na katika mwaka wa 1800 akatangaza betri ya kwanza, iliyofanywa kwa vipande vya madini mbili vilivyopangwa juu kwa juu, na baina yao vitambaa vilivyoloweshwa.

Ritter akaingia katika mambo haya kwa nguvu zake zote. Katika mwaka huo huo wa 1800 aliuweka umeme wa betri katika maji, maji yakaachana kuwa hewa mbili, akazikusanya kila moja mbali. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufanya hivyo, ijapokuwa Waingereza wawili, Nicholson na Carlisle, walimtangulia kidogo.

Lakini alikuwa na desturi moja mbaya, nayo ni kuufanya mwili wake kuwa chombo cha majaribio. Aliutia umeme katika ulimi wake, pua, masikio na macho, akaandika ladha aliyoionja, sauti alizozisikia na rangi alizoziona. Maumivu yalipozidi hakuacha, bali aliongeza nguvu ya betri. Desturi hii itatajwa tena katika khabari za mwisho wake.

Yaliyojulikana juu ya mwanga kabla yake

Ilimu ya mwanga ni ya zamani. Ibn al-Haytham wa Basra, aliyekufa Misri karibu na mwaka wa 1040, ndiye aliyeivunja kwa hoja na majaribio kauli ya watu wa kale waliosema ya kwamba jicho hutoa miale ikaenda kukigusa kitu kionwacho. Yeye alibainisha ya kwamba mtu huona kwa mwanga utokao kwenye kitu ukaingia jichoni. Vitabu vyake vilifasiriwa kwa lugha ya Kilatini, wakavisoma watu wa Ulaya.

Baadaye Newton wa Uingereza aliupitisha mwanga wa jua katika kioo cha pembe tatu, mwanga mweupe ukatawanyika kuwa safu ya rangi kama za upinde wa mvua: nyekundu upande mmoja, kisha rangi ya chungwa, manjano, kijani, buluu na nili, na mwisho urujuani. Watu wakadhani ya kwamba mahali rangi zinapokoma ndipo mwanga unapokoma.

Katika mwaka wa 1800 dhana hiyo ilivunjwa upande mmoja. William Herschel, aliyezaliwa Hanover akahamia Uingereza, naye ndiye aliyeivumbua sayari ya Uranus katika mwaka wa 1781, aliweka vipima-joto katika kila rangi ya safu ile ili ajue ipi yenye joto zaidi. Akaona ya kwamba kipima-joto kilichowekwa nje ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu, kilipanda kuliko vyote. Basi akajua ya kwamba ng'ambo ya nyekundu mna miale iliyofichika.

Siku alipoupata mwanga uliofichika

Khabari hizo zilimfikia Ritter huko Jena. Naye alikuwa na itikadi moja aliyoishika sana, ya kwamba maumbile yote yamefanywa kwa pande mbili zenye kupingana na kulingana. Sumaku ina ncha mbili. Umeme una namna mbili. Asidi ina magadi ya kuipinga. Basi akasema nafsini mwake: ikiwa nje ya nyekundu mna kitu kilichofichika, haikosi nje ya urujuani kuwamo mwenziwe.

Angalia hapa, ewe msomaji. Mpaka hapa Ritter hakuwa na kitu ila dai. Maneno yake yalikuwa mazuri yenye mpango, lakini uzuri wa maneno si ushahidi. Lau angalisimama hapo, akaandika kitabu cha kulisifu wazo lake, asingalitajwa leo. Yeye akatafuta shahidi.

Kipima-joto hakikumfaa, kwa kuwa upande ule wa urujuani joto ni dogo. Akakumbuka chumvi ya fedha iitwayo kloridi ya fedha, ambayo ni nyeupe, nayo hugeuka nyeusi ikipigwa na mwanga. Scheele wa Swideni, ambaye naye alikuwa mwuza dawa, alikuwa ameandika katika mwaka wa 1777 ya kwamba chumvi hiyo huwa nyeusi upesi zaidi katika rangi ya urujuani kuliko katika rangi nyingine. Ritter akaichagua chumvi hiyo iwe shahidi wake.

Tarehe 22 Februari 1801 aliupitisha mwanga wa jua katika kioo cha pembe tatu, akatandaza safu ya rangi, kisha akaweka juu yake ukanda wa karatasi uliopakwa chumvi ya fedha iliyo mbichi, ukanda huo ukipita mpaka nje ya rangi. Karatasi ikaanza kuwa nyeusi. Na mahali palipozidi weusi hapakuwa ndani ya urujuani, bali ng'ambo yake, mahali ambapo jicho halikuona mwanga wo wote. Kutoka hapo weusi ulipungua kwa kadiri ya kuelekea upande wa nyekundu.

Hivyo ndivyo dai lilivyopata shahidi mwadilifu. Karatasi haina mapenzi wala chuki, haijui mwenye kuiweka ataka nini, wala haipati cheo kwa kusema ndiyo. Tena kila mwenye shaka aliweza kuchukua kioo chake na karatasi yake akaona yale yale. Ritter alilitangaza jambo hilo kwa maneno machache katika jarida la Kijerumani la ilimu ya maumbile, na kwa miaka mingi miale hiyo ikajulikana kwa jina la miale ya kemia, kwa sababu ilitambulikana kwa kuigeuza hali ya vitu. Leo wataalamu wa lugha yetu huuita mwanga huo urujuanimno.

Mahali pa mwanga huo katika jamii ya mawimbi

Ritter alijua ya kwamba mwanga huo upo, lakini hakujua ni nini. Hayo yalibainika baada ya kufa kwake. Katika mwaka wa 1865 Maxwell wa Scotland alionyesha kwa hesabu ya kwamba mwanga ni wimbi la umeme na sumaku viendavyo pamoja. Na Hertz wa Ujerumani akayathubutisha mawimbi ya namna hiyo kwa majaribio kuanzia mwaka wa 1887.

Mawimbi hayo ni jamii moja, yote huenda kwa mwendo mmoja penye utupu, nao ni kilomita karibu 300,000 kwa sekunde moja. Yanayotafautisha ni urefu wake, yaani nafasi iliyo baina ya mgongo wa wimbi moja na mgongo wa wimbi la pili. Kama vile baharini mna mawimbi marefu ya kusi na viwimbi vidogo vya upepo wa asubuhi, na yote ni maji yale yale. Marefu kabisa ni mawimbi ya redio, ambayo huwa ya mita nyingi. Kisha hufuata mafupi zaidi, kisha miale ya joto aliyoipata Herschel. Halafu huja sehemu ndogo ionwayo na jicho, kutoka nyekundu yenye urefu wa nanomita karibu 700 mpaka urujuani wenye nanomita karibu 400. Na nanomita moja ni sehemu moja katika milioni ya milimita. Kuanzia 400 kushuka mpaka 10 ndiyo milki ya mwanga wa Ritter. Mbele yake iko miale ya eksirei, aliyoivumbua Röntgen katika mwaka wa 1895, na mwisho miale ya gama.

Kadiri wimbi linavyokuwa fupi, ndivyo nguvu iliyo katika kila chembe yake inavyozidi. Kwa sababu hiyo mwanga mwekundu huigusa chumvi ya fedha kwa udhaifu, na urujuanimno huivunja. Kwa sababu hiyo hiyo urujuanimno huharibu vijidudu vya maradhi, na leo taa zake hutumiwa kusafishia maji. Finsen wa Denmark aliwatibu kwa taa za namna hiyo wagonjwa wenye kifua kikuu cha ngozi, akapewa Zawadi ya Nobel katika mwaka wa 1903.

Lakini chenye nguvu ya kuvunja hakichagui. Mwanga huu ukizidi huunguza ngozi, huongeza hatari ya mtoto wa jicho, na huweza kuleta saratani ya ngozi. Na watu wenye ualbino, ambao ngozi yao haina rangi ya kuwakinga, ndio wenye kudhurika zaidi. Sehemu iliyo kali kuliko zote huzuiliwa juu mbinguni na hewa iitwayo ozoni, isifike chini. Iliyobaki hufika, nayo haina joto la kumwonya mtu. Mvuvi aliye katika upepo wa baharini, au siku ya mawingu mepesi, huona baridi na huku ngozi yake yaungua. Kofia pana na nguo ndefu ni kinga, wala si mapambo tu.

Madai yaliyokosa shahidi

Baada ya mwaka wa 1801 jina la Ritter lilienea. Mtawala wa Gotha alimsaidia kwa mali, na Hans Christian Ørsted wa Denmark, ambaye baadaye katika mwaka wa 1820 aliona ya kwamba umeme hugeuza sindano ya dira, akawa rafiki yake mkubwa. Ritter akafanya betri ya namna nyingine, ambayo haizai umeme bali hutiwa umeme ikauhifadhi na kuurudisha. Hiyo ni asili ya betri za kuchajiwa zilizomo leo katika kila nyumba.

Katika mwaka wa 1803 Ørsted alizipeleka khabari za kazi ya rafiki yake Paris, ili ashindanie zawadi iliyowekwa na Napoleon kwa wavumbuzi wa umeme. Pamoja na betri ile, Ritter alikuwa amedai ya kwamba ardhi ina ncha mbili za umeme kama ilivyo na ncha za sumaku. Dai hili lilitoka katika itikadi ile ile ya pande mbili iliyompatia urujuanimno. Lakini mara hii hapakuwa na karatasi ya kulisemea. Wataalamu wa Paris hawakuona ushahidi, zawadi akaikosa, na Ørsted akafedheheka kwa kumtetea.

Katika mwaka wa 1804 Ritter alioa, na baadaye kidogo akahamia Munich, akiwa mwanachama wa chuo cha wataalamu cha Bavaria mwenye mshahara. Pahali hapo pangalimtosha kupata utulivu. Lakini akasikia khabari za mkulima wa Italia, jina lake Campetti, aliyedai ya kwamba ahisi mwilini mwake maji na madini yaliyo chini ya ardhi. Ritter akasafiri mpaka Italia, akamleta Munich, akamjaribu kwa vijiti na vitu vyenye kuning'inia kwa uzi, mambo yaliyokaribiana na kupiga ramli. Akaamini ya kwamba amepata ilimu mpya, na katika mwaka wa 1808 akaitolea jarida.

Wenziwe walikataa, nao walikuwa na haki. Kadhi hakubali ushahidi wa mtu mwenye manufaa katika dai linalohukumiwa. Campetti alikuwa na manufaa yake, na Ritter mwenyewe, aliyekuwa akitazama uzi ukitikisika, alitamani sana utikisike. Hapakuwa tena na shahidi asiye na mapenzi. Tokea hapo wengi waliacha kuzisoma kazi zake, hata zile zilizokuwa sahihi, na mengine aliyoyavumbua yakasahauliwa mpaka wakayavumbua watu wengine.

Kufa kwake

Yale majaribio ya mwilini yalikwisha mdhoofisha. Ili kuyastahimili maumivu alitumia afiuni na ulevi, na vitu hivyo humwonyesha mtu kuwa amepona na huku vyamla. Vita vya Napoleon vilipandisha bei ya vitu, madeni yakamzidi, na ugonjwa wa mapafu ukamshika. Alikufa Munich tarehe 23 Januari 1810, umri wake miaka 33, akamwacha mkewe na watoto katika dhiki.

Faida ya khabari hizi

Mwenye kuyatazama maisha haya ataona ya kwamba Ritter hakupata haki kwa kuwa na wazo zuri, wala hakupotea kwa kuwa na wazo baya. Wazo lilikuwa moja. Lilipopimwa kwa shahidi mwadilifu likazaa ilimu iliyodumu. Lilipoachwa litembee peke yake likamfikisha kwenye uzi wenye kutikisika. Basi mtu asione haya kuwa na dhana, kwani ilimu nyingi huanza kwa dhana. Lakini aone haya kuitangaza kabla ya kuitafutia ushahidi, khasa ile aipendayo sana.

Na faida ya pili ni ya mwili. Mwili ni amana, wala si karatasi ya kupakwa chumvi ikatupwa. Mtu huyu aliyekuwa na akili ya kuichagulia kila kazi chombo chake, hakujua ya kwamba mwili wake haukuwa chombo cha kazi ile. Na kwa hayo ilimu ilimkosa angali kijana, na watoto wake wakamkosa baba.

Tamati.